Kumfuatilia nkambo aliyenunuliwa: tathmini ya ofisi moja ya ukoo mjini Lubumbashi

Ofisi ninayoitathmini iko katikati ya mji wa Lubumbashi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge. Sitaitaja jina, kwa sababu sehemu ya maelezo haya ni malalamiko, na malalamiko yenyewe ni ya mteja mmoja tu. Nilichonunua kwao ni huduma ya kufuatilia ukoo wa upande wa mama, hasa habari za mwanamke mmoja, bibi wa bibi yangu mzaa mama, ambaye nyumbani tunamwita nkambo bila kuongeza kitu, na ambaye wazee walikuwa wakimtaja kwa sauti ya chini kama mtu aliyetoka kwa mapadri. Jina lake halitaandikwa hapa. Wazee waliniomba nisiliandike, na baada ya kusoma yaliyokuwamo katika bahasha ya kaki niliyokabidhiwa mwishoni, naona walikuwa na haki ya kuomba hivyo.

Kilichonipeleka kwenye ofisi hiyo ni harusi ya dada yangu. Upande wa mama tunahesabiwa kuwa Watabwa wa Moba, na Watabwa, kama majirani zao kadhaa wa mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, huhesabu ukoo kwa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Siku ya mahari kaka wawili wa mama walipata chao bila maneno. Ilibaki bahasha ya mkubwa wa ukoo, yule ambaye wajomba wenyewe wanamwita mjomba, na kwa muda ambao mimi niliuona mrefu bahasha hiyo ilikaa juu ya kitambaa cha meza bila mwenyewe. Kisha mzee mmoja wa mtaa wa Kamalondo, hapahapa mjini, ambaye kwa hesabu yoyote ya damu niliyoweza kuifanya hakuwa ndugu yetu, aliinuka, akaichukua, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaketi. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa wakwe na mimi. Nilipomuuliza mama usiku ule, alinijibu kwamba wale ni ndugu tangu zamani, akabadilisha mazungumzo.

Watu wanaojua desturi za kule watakuwa wamekwisha kuelewa ilikuwa ni nini. Katika nchi za ukoo wa mama, mwanamke aliyetekwa au kununuliwa alikuwa na thamani ya pekee, kwa kuwa hakuwa na kaka wa kuja kudai watoto wake. Wote aliowazaa walibaki kwa mwenye nyumba, bila mjomba wa kuwasemea. Kwa hiyo utumwa wa nkambo, ambao hakuna mtu katika familia aliyewahi kuutamka, ulikuwa umesimama wazi katika kila harusi yetu kwa zaidi ya miaka 100, katika umbo la kiti kisicho na mtu wake. Mimi sikuuona mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Huduma yenyewe inauzwa kwa hatua. Hatua ya kwanza, ya dola 60, ni mahojiano na wazee. Kijana aliyetumwa, mhitimu wa historia, alifika Katuba kwa mama mkubwa saa nne kamili kama tulivyopatana, akavua viatu mlangoni, akakubali bukari, yaani ugali, na ndagala, na kwa nusu saa alikuwa mgeni wa kupendeza. Kisha akawasha simu ya kurekodia, akafungua karatasi yake ya maswali, na swali la tatu katika orodha lilikuwa kama nkambo wetu alikuwa mtumwa. Mama mkubwa alinawa mikono upya, ingawa alikuwa amekwisha kunawa, akasema: "Maulizo ya vile banaulizaka ku polisi, mwanangu, hapana mu nyumba ya batu." Mahojiano ya siku hiyo yakaishia hapo, na dola 60 zangu nikaziona zikienda na maji ya kunawia.

Lawama ya jambo hili naiweka juu ya karatasi kuliko juu ya kijana. Aliyeitunga alilichukulia neno "mtumwa" kama tarehe ya kuzaliwa au mahali pa ndoa, kitu cha kujaza kwenye nafasi iliyoachwa. Katika familia zetu neno hilo ni tusi la kumwangusha mtu barazani, na likitumika hutumika kwa ukoo wa wengine. Habari hiyohiyo husemwa kwa njia nyingine: fulani ni mtu wa misheni, fulani alikuja na mapadri, fulani hana kwao, fulani alikuwa mtoto wa watu. Ofisi inayochukua fedha kwa ajili ya kazi hii ilipaswa kuijua misemo hiyo kabla ya kupanda ngazi za nyumba ya mtu.

Nakiri kwamba alirudi. Wiki mbili baadaye kijana yuleyule alikuja bila karatasi na bila kuniomba senti ya ziada, akaketi kwenye kiti kifupi karibu na jiko, na safari hii akauliza mambo ambayo mzee anaweza kuyajibu bila kujivua nguo: nani alimsimamia nkambo katika ubatizo, vyakula gani vilikuwa mwiko kwake, nani alikaa wapi katika kilio chake, kaburi lake liko upande gani wa kanisa, alikuwa akiimba nini alipokuwa akitwanga. Mama mkubwa alizungumza kwa saa mbili. Alikumbuka, kwa kuambiwa na mama yake, kwamba nkambo alipokuwa akihesabu mafungu ya ndagala alihesabu kwa lugha ambayo watoto wake hawakuijua, na akatutajia maneno matatu ya mwanzo ya hesabu hiyo. Kijana alifurahi sana kuyapata. Mimi nilifurahi kidogo tu, kwa maana moja, mbili na tatu ni katika maneno yanayofanana mno kwenye lugha zetu za Kibantu, na mtu akikutajia hayo peke yake anaweza kuwa ametoka popote kati ya Lualaba na ziwa. Hata hivyo ile rekodi ya saa mbili, niliyopewa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, naihesabu kuwa kitu cha thamani kubwa katika vyote nilivyolipia, na mama mkubwa mwenyewe ameomba wajukuu wake wapewe nakala.

Hatua ya pili, ya dola 180, ni hati za kanisa. Kwa wasiozijua habari hizi, ni vizuri kueleza kwa nini hati hizo zipo. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1879. Mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Mpala, kilichokuwa kimejengwa mwaka 1883 na kapteni wa Kibelgiji Émile Storms, na mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, yaani Kirungu ya leo, karibu na Moba. Katika miaka hiyo misafara ya watumwa na pembe ilikuwa ikishuka kutoka Nyangwe na Kasongo kupitia Kabambare hadi ziwani, ikavuka kwa mitumbwi kutoka Mtowa kwenda Ujiji, na kutoka hapo ikachukua njia ya Tabora hadi Bagamoyo. Mapadri walikuwa wakinunua watoto kutoka kwa misafara hiyo, kwa sadaka zilizokusanywa Ulaya, hasa baada ya Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, kuanza kampeni yake dhidi ya utumwa mwaka 1888, na malipo yalikuwa vitambaa: merikani nyeupe na kaniki, vikihesabiwa kwa doti, doti moja ikiwa mikono minane. Watoto walilelewa misheni, wakabatizwa, wakaozwa wao kwa wao, wakapewa mashamba katika vijiji vya Wakristo. Na kwa kuwa sheria ya shirika iliamuru kila kituo kiandike daftari la matukio ya siku, na kanisa liliamuru kila ubatizo uandikwe, mtoto aliyepita katika mikono yao anaweza kuwa na karatasi, tofauti na maelfu waliovuka kwenda Ujiji bila mtu kuandika hata jina.

Ofisi hufanya kazi kwa kupitia mwakilishi wake upande wa Moba, ambaye kwa ruhusa ya paroko husoma vitabu vya ubatizo na kuvipiga picha. Kwa daftari za matukio, ambazo hutunzwa kwenye hifadhi kuu ya shirika mjini Roma, huandika barua ya maombi. Walisema wiki sita. Ilikuwa miezi mitano. Siwalaumu sana kwa hilo, maana katika miezi hiyo mvua ilinyesha na paroko alibadilishwa, na mambo hayo mawili yanatosha kusimamisha kazi yoyote kando ya lile ziwa. Ninachowalaumu ni kukaa kimya. Kila nilipopiga simu niliambiwa kwamba faili langu "liko njiani", na neno hilo nililisikia mara tisa.

Siku ilipofika nilipewa picha iliyochapishwa kwenye karatasi nzuri, yenye upana wa viganja viwili na kimo cha kidole. Ulikuwa mstari mmoja. Namba, tarehe ya mwaka 1890, jina la Kikristo, kisha jina la nyumbani likiwa limeandikwa kwa masikio ya Mfaransa, kisha maneno ya Kilatini *ex parentibus infidelibus*, yaani wa wazazi wasio Wakristo, mahali ambapo watoto wa Wakristo wameandikiwa majina ya baba na mama. Baada ya hapo neno "Manyema", umri wa kukadiria miaka kumi na miwili, jina la msimamizi, sahihi ya padri. Na pembeni, kwa wino mwembamba zaidi, neno moja la Kifaransa: *rachetée*. Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, chini yangu muuza vitenge akimpimia mteja kitambaa kwa mkono, kutoka ncha ya vidole hadi kifuani.

Katika tafsiri ya ofisi neno hilo limewekwa kuwa "aliyekombolewa". Si kosa, lakini ni tafsiri yenye adabu kuliko neno lenyewe, ambalo kwa sauti yake ya kwanza maana yake ni aliyenunuliwa tena. Mapadri hawakumrudisha kwao, wala pengine hawakuweza. Walimnunua, wakamlea, wakamwoza kwa kijana waliyemnunua vilevile. Nisingependa kuwahukumu kutoka kwenye kiti cha ofisi ya Lubumbashi, kwa kuwa bila doti zao nisingekuwapo kuandika haya. Ila mtafsiri anayelipwa angeweka maneno yote mawili na kuniachia mimi nichague.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa. Niliomba ukurasa mzima. Nikajibiwa kwamba mteja hulipia mistari ya mtu wake, na kwamba mistari mingine ni ya familia nyingine zenye siri zao. Hoja hiyo ina uzito, na mimi mwenyewe, ninayeficha jina la nkambo, siwezi kuikejeli. Lakini ukurasa ule una umri wa zaidi ya miaka 130, na mtu aliyeandikwa bila baba, bila mama na bila kijiji hana habari nyingine duniani isipokuwa wale walioandikwa jirani naye siku ileile. Kumkatia mtu wa namna hiyo mstari wake mmoja ni kumtenga upya. Tulibishana kwa wiki tatu. Hatimaye mwenye ofisi, baba mtu mzima mwenye heshima, alikubali kunipa ukurasa kwa dola 25 za ziada, nami nikazilipa.

Siku ile walibatizwa wasichana sita. Wanne wana lile neno la pembeni, na watatu kati ya hao wameandikwa Manyema. Mstari wa chini ya nkambo, kwa tarehe ileile na kwa msimamizi yuleyule, ni wa msichana mwingine aliyenunuliwa, na kwenye ukingo wake padri wa baadaye ameongeza ndoa yake na jina la mume. Jina la mume huyo ndilo jina la ukoo wa mzee wa Kamalondo, yule aliyeichukua bahasha. Kurasa za mbele, ambazo kijana wetu alinisomea mwenyewe kwenye simu yake baada ya saa za kazi bila kunitoza kitu, zinaonyesha kwamba nkambo alipomzaa binti yake wa kwanza, aliyemsimamia mtoto huyo kwenye ubatizo ni mwanamke wa mstari wa chini. Naye alipozaa, aliyesimama ni nkambo. Wasichana wawili wasio na kwao walikuwa wamefanyana ukoo kwa njia pekee waliyoachiwa, yaani kitabu cha padri, na watoto wao wa kiume wakapewa kuwa wajomba upande kwa upande. Mama alikuwa hajadanganya. Wale ni ndugu tangu zamani, na sasa nina tarehe.

Hapo ndipo nilipoona ubora na udhaifu wa ofisi kwa pamoja. Kijana aliyesoma zile kurasa alikuwa makini, na aliniambia wazi kwamba hakuna neno lolote linalosema wasichana hao walikuwa dada wa damu, wala kwamba walitoka kijiji kimoja, wala hata kwamba walinunuliwa siku moja. Saa moja baadaye dawati la mbele lilikuwa limekwisha kunichapishia mti mpya wa ukoo unaowaonyesha kama watoto wa mama mmoja, kwa dola 15. Nilikataa kuuchukua. Inaonekana chumba cha nyuma kinasoma na chumba cha mbele kinauza, na ukuta kati yao ni mnene.

Kazi ya chumba cha mbele ni pamoja na kile wanachokiita Cheti cha Asili, kilichomo ndani ya bei ya hati. Changu kimewekwa kwenye fremu ya rangi ya dhahabu na kinatangaza kwamba nkambo alikuwa Mbangubangu wa Kabambare. Nilipouliza ushahidi uko wapi, nilionyeshwa lile neno "Manyema". Lakini katika karne ya 19 wasafiri wa misafara waliliita Manyema eneo kubwa lote lililo kati ya ziwa na Lualaba, na hata ng'ambo ya mto, lenye Wabangubangu, Wazimba, Wakusu, Wabuyu na wengine wengi. Ujiji na Unguja, mtu aliitwa Mmanyema kwa sababu alikuja na msafara wa kutoka huko, hata kama kijiji chake kilikuwa mbali na jina hilo. Mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye huenda ameuzwa mara mbili au tatu kabla ya kufika ziwani aliandikwa Manyema kwa kuwa muuzaji alisema Manyema. Kutoka hapo hadi Kabambare, na kutoka Kabambare hadi Mbangubangu, ofisi imeruka mara mbili mahali ambapo hapana daraja, kisha ikaweka fremu. Cheti kile kiko chini ya kitanda changu, kwa kuwa kukitupa nako kunahitaji moyo.

Ndani ya bahasha kuna pia kijitabu cha kurasa 12 cha historia ya utumwa, na juu ya jalada lake picha ya Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, kwa jina lake kamili, anastahili nafasi yake katika habari hizi, kwani ndiye aliyeitawala Kasongo na nchi yake kwa biashara na bunduki, na mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo yenyewe ilimfanya gavana wa Stanley Falls. Lakini kijitabu kinamfanya kuwa mnunuzi wa kila mtu. Kwenye ziwa letu aliyekuwa na nguvu zaidi ni mshirika wake Mohammed bin Khalfan, Rumaliza, aliyekaa Ujiji. Kando ya Mpala walikuwapo machifu wetu wenyewe, kama Lusinga, aliyekuwa akivamia jirani zake na kuwauza, mpaka wapiganaji waliotumwa na Storms walipomuua Desemba 1884 na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji, ambako fuvu lake limetunzwa mjini Brussels. Kusini, huku kwetu Katanga, Msiri wa Bunkeya aliuza watu na pembe upande wa mashariki na upande wa magharibi pia, kwa misafara ya Wabihe iliyokwenda hadi Benguela kwenye Atlantiki, hadi alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Kijitabu kinachomwonyesha Mwarabu mmoja tu kinawapumzisha wasomaji wengi wa mji huu, na nadhani ndiyo sababu kimeandikwa hivyo.

Jambo hilo la Bunkeya lina maana kwa wateja wengi wa Lubumbashi, kwa hiyo nalitaja mbali na lawama. Kama nkambo wako alishikwa upande wa Garenganze, yaani nchi ya Msiri, Mapadri Weupe hawana habari zake. Wa kwanza kuweka misheni huko alikuwa Mprotestanti Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, na makanisa yaliyotokana na kazi yake hayakubatiza watoto wachanga, kwa hiyo usitegemee daftari la aina niliyoieleza. Na kama masimulizi ya kwenu yanasema mtu alivukishwa ziwa na hakurudi, hati za kutafuta ziko upande wa pili kabisa: vitabu vya misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadri wa Roho Mtakatifu, barua za uhuru zilizotolewa na Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki, na nyaraka za Unguja za baada ya amri ya mwaka 1897, wakati mahakama zilipowaandika watumwa walioomba uhuru na mabwana waliodai fidia. Ofisi yetu haishughuliki na lolote kati ya haya, ingawa dawati la mbele liliniambia linashughulika. Mtu mwenye subira na intaneti ya kutosha anaweza kuanza bure na tovuti ya FamilySearch, angalau ajifunze jinsi daftari za kanisa zinavyosomwa, kabla ya kutoa dola yake ya kwanza.

Hatua ya tatu ni kipimo cha vinasaba, dola 130, na nitaipita haraka. Unatema mate ndani ya kichupa, kichupa kinapelekwa ng'ambo, na baada ya wiki kumi unapata ramani. Yangu ilikuwa na doa moja kubwa la kijani lililoanza Kamerun likaishia Zambia. Kuna jambo ambalo kila mteja anapaswa kuambiwa kabla ya kulipa, nami sikuambiwa. Bibi wa bibi yako amechangia kwa wastani asilimia 6.25 tu ya vinasaba vyako, kwa hiyo kipimo cha kawaida kinakueleza zaidi habari za mababu wengine 15 wa kizazi chake kuliko habari zake. Kwa kuwa nkambo wangu yuko kwenye mstari wa mama kwa mama bila kukatika, kipimo kilichofaa ni cha vinasaba vya mitokondria, ambavyo mama huwapa watoto wake wote na binti tu ndiye anayeviendeleza. Hicho hawakuwa nacho, na hawakukitaja hata nilipowachorea ukoo wangu kwenye karatasi yao wenyewe. Hata kingekuwapo, kinahitaji kulinganishwa na watu waliokwisha kupimwa, na waliopimwa kutoka Kabambare au Moba ni wachache mno. Dola hizi 130 ni bora ukazinunulie tiketi ya kwenda kuwaona wazee.

Jumla nimetumia dola 395. Nikirudia leo, nitalipia mahojiano, kwa sharti kwamba nisome maswali kabla ya mzee kuyasikia, na nitalipia hati, kwa sharti liandikwe kwenye risiti kwamba nitapewa kurasa nzima pamoja na ukurasa wa kabla na wa baada. Cheti, kijitabu na kichupa cha mate nitaviacha vyote dukani. Kijana wa chumba cha nyuma ningempa alama tisa katika kumi, na hiyo moja iliyopungua ni ya lile swali la tatu. Jibu kutoka Roma kuhusu daftari la matukio bado halijafika, na kwa hilo sina haraka.

Jumapili iliyofuata nilichukua nakala ya ukurasa nikaenda Kamalondo. Mzee aliomba miwani, akausoma mstari wa kwao kwanza, kisha wa kwetu, kisha akaweka kidole gumba juu ya mmoja na cha shahada juu ya mwingine, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Neno la pembeni hakuliuliza, wala mimi sikulitafsiri. Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu. Aliniuliza tu kama karatasi ile ilikuwa yake, abaki nayo, nikamwambia ndiyo. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, na safari hii bahasha ya mkubwa wa ukoo imeandikwa jina.